Kaseti ya Mwalimu wa Kwaya

"Kama hii si sauti yangu, sasa ni ya nani?"

Mwalimu wa kwaya yetu aliniuliza hivyo kwa kunong'ona, maana ugonjwa wa koo ulikuwa umemwachia mnong'ono tu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwetu, Kalemie, na ordinatere yangu, yaani kompyuta, ilikuwa juu ya kigoda kati yetu. Nilikuwa na maelezo, na wakati ule nilidhani maelezo ni jibu.

Alijua anakufa. Alichotaka ni kwamba siku ya kuteremshwa kaburini, kwaya aliyoifundisha tangu sijazaliwa imwimbie wimbo aliotunga mwenyewe kwa lugha ya Kitabwa, ujanani, huko Moba, alipomzika mama yake. Hakuwahi kuufundisha. Katika familia yao wimbo wa namna ile hauimbwi pasipo maiti. Sasa alitaka tujifunze, na sauti ya kutufundishia hakuwa nayo. Kilichobaki ni kaseti moja iliyorekodiwa kwenye matanga yale: yeye na wadogo zake watatu. Wanakwaya waliposita kwa ajili ya mwiko, alijigusa kifuani, kuonyesha kwamba maiti ndiye yeye. "Maiti iko hapa, njo mimi. Anzeni tu."

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi na shahada ya fizikia, bila kazi, na mazoea ya kubisha kila kitu. Nikaunganisha redio ya kaseti na ordinatere kwa waya, nikaacha wimbo uingie wote. Ulikuwa unakimbia. Maneno yamebanana, na sauti ya mwalimu iko juu, kama ya kijana ambaye sauti yake haijavunjika bado.

Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyeimba sauti ya pili, akauliza, "Huyu maiti wanamukimbiza wapi?"

Tulicheka. Mwalimu naye alicheka, mabega tu yakitikisika.

Kwa hiyo ilibidi wimbo upunguzwe mwendo ili watu wajifunze. Nilijaribu programu tatu. Ya kwanza ilifanya kama mtu anayezuia mkanda kwa kidole: mwendo ukishuka, sauti nayo inashuka. Ya pili iliyavuta maneno na kuiacha sauti mahali pake, ila ilibakiza mlio wa bati mwishoni mwa kila neno. Ya tatu ilikuwa safi, lakini ilikata baada ya dakika moja mpaka uinunue.

Asubuhi ile ya barazani, umeme ukiwepo, nilimsikilizisha ya kwanza. Nilipunguza kidogo tu. Sauti ikashuka, ikawa nzito, ya mtu mzima. Mwalimu akafumba macho.

"Hii njo mimi."

"Hapana, Papa. Programu imekushusha. Sauti yako ya kweli ni ile ya kwenye kaseti."

"Mutoto wangu, najua sauti yangu."

"Hakuna anayeijua yake, Papa. Kila muntu anajisikia kupitia mifupa ya kichwa. Ukirekodiwa ndipo unasikika ulivyo."

Ndipo akauliza lile swali. Nikarudia habari ya mifupa, polepole zaidi, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Wewe njo ulisoma."

Nikachagua programu ya pili. Ya kwanza nikaifuta.

Wengi wa kwaya walikuwa na redio za CD, kwa hiyo nikachoma CD nane. Za mwanzo nilizichoma kwa haraka, zikawa zinarukaruka kwenye redio za zamani. Nikazichoma upya kwa mwendo wa chini kabisa. Kila moja ilikuwa na wimbo mara tatu: polepole sana, polepole, na mwendo wa kaseti. Niliwaambia tunaelekea ule wa tatu.

Mazoezi yalikuwa mateso. Wanawake wa sauti ya kwanza walinyoosha shingo na hawakufika. "Mama wa kwa nini," muuza ndagala aliniambia, kwa jina walilonibandika kwa ubishi wangu, "uliza basi kwa nini. Aliyeimba huku juu ni mwanaume ao ni ndege?"

Mwalimu alikuja mara mbili. Mara ya pili aliinua kiganja, akakishusha taratibu, akakiinua, akakishusha tena.

"Anasema mupunguze kelele," niliwatafsiria.

Alinitazama, akashusha mkono magotini. Hakurudi tena.

Alipofariki, makaburini tuliimba alivyoomba, au nilivyodhani ameomba. Kwenye ubeti wa pili wanawake wa sauti ya kwanza walikatika, mmoja baada ya mwingine, na muuza ndagala akanyamaza katikati ya neno. Jeneza lilikuwa linaning'inia kwenye kamba. Wanaume walioshika kamba walitugeukia, wakingoja. Mwishowe mtu akaanzisha wimbo wa kila siku wa kanisani, na mwalimu akateremshwa nao. Nilijiambia tatizo lilikuwa vumbi, kilio, uvivu wa mazoezi.

Miaka kadhaa ikapita. Mdogo wa mwisho wa mwalimu, mmoja wa wale watatu wa kwenye kaseti, alikuja kutoka Moba na magunia ya maharagwe, akafikia kwetu. Nilimwekea kaseti. Alisikiliza kidogo, akacheka.

"Hawa ni watoto gani?"

"Ni nyinyi, Papa."

Alirudia kusikiliza, safari hii bila kucheka. Kisha akakumbuka. Siku zile za matanga hapakuwa na umeme, na betri mpya hazikupatikana. Walichukua betri zilizokwisha, wakazianika siku mbili juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Mashine ya kurekodia ilijikokota. Wimbo ulipoisha tu, ikazima.

Mkanda unaojikokota wakati wa kurekodi, ukiucheza baadaye kwa umeme kamili, unakimbia, na kila sauti iliyomo inapanda. Kiganja kile kilikuwa kinatuomba tushuke kutoka huko juu, si tupunguze kelele. Sauti nzito iliyotoka asubuhi ile kwenye programu niliyoifuta ilikuwa yake.