Bahasha za Ndege Kwenye Beseni la Katoro

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi simu yangu iliita nikiwa nafungua duka langu la vifaa vya umeme, mtaa wa Kalangalala. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu wa Katoro, kijana niliyekuwa nimemwomba anitafutie barua za zamani.

"Shikamoo mzee. Stempu zako zimepatikana. Kuna familia Ushirombo inahama, wameniuzia sanduku. Bahasha tatu, zina kile kikaratasi cha bluu cha ndege. Elfu thelathini tu zote."

Nilikaa juu ya roli la waya. Miaka kumi na moja nakusanya barua za ndege za mwanzo, zile za enzi ya ukoloni zilizopitia Mwanza, na sikuwahi kupata hata moja iliyoandikwa upande wetu huu. Sina mwalimu, nimejifunza kwa katalogi chakavu na lenzi ya fundi saa. Kanuni yangu ya kwanza ni kutomwonyesha muuzaji kwamba ninakitaka kitu.

"Marahaba," nikasema taratibu. "Nitapita wiki hii."

"Wewe njoo tu. Nimeshaanza kukusafishia. Moja iko kwenye beseni, stempu inabanduka yenyewe. Makaratasi natupa."

Kwake lilikuwa jambo la wazi. Jiwe linasagwa kwenye karasha, linaoshwa, dhahabu inabaki, mengine ni marudio, mchanga wa kutupwa. Lakini stempu zile ni za kawaida, ninazo nyingi. Thamani iko kwenye bahasha nzima: anwani, mhuri wa ilikotoka, na mihuri ya nyuma inayoonyesha ilipita wapi.

"Toa mkono kwenye maji!" nilipiga kelele hadi mama wa chapati, jirani yangu, akaangusha mwiko. "Usiguse kitu! Nakuja sasa hivi!"

"Sawa, mzee," akajibu polepole. "Njoo."

Nilifika kwa bodaboda saa tatu na dakika ishirini. Ya kwenye beseni ilikuwa imekwisha. Wino ulikuwa umegeuza maji kuwa bluu. Mbili zilikuwa kavu, kando ya mizani yake. Niligeuza ya kwanza. Nyuma, kwa mkono wa mwandishi, anwani ya Ushirombo. Mbele, mhuri wa Shinyanga, unasomeka herufi zote. Pembeni, mhuri wa Mwanza. Nikaisoma kwa lenzi, kisha nikairudia tena.

"Mzee, kwenye simu ulilia kama duara la mgodi limekufukia," kijana akasema huku akicheka. "Nikajua hapa pana mali."

"Ni karatasi tu."

"Ni karatasi? Basi ngoja niioshe hii." Akaichukua ya pili, akaining'iniza juu ya beseni kwa vidole viwili.

"Acha utani, bwana!"

"Umeona? Laki mbili kwa hizi mbili. Ya kwenye maji nakupa nyongeza."

Sikubishana. Nilimtumia pesa kwa simu palepale, nikazilaza bahasha katikati ya vibao viwili, nikavifunga kifuani ndani ya koti. Njiani nilimsimamisha dereva mara mbili ili nisome tena ule mhuri.

Kelele zangu za asubuhi zilinigharimu shilingi laki moja na elfu sabini.