Poliesta Kidogo Kwenye Utando wa Seli

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la poliesta. Miaka ile ya neema ya sukari, kila kijana wa Malava aliyeonja mshahara alijinunulia moja. Mkuu wa maabara ya kiwanda cha sukari, mama mfupi tuliyemwita Daktari, alishika kola yangu akacheka.

"Hata bakteria wa shamba la miwa wanatengenezanga poliesta," akasema. "Na yao haitaki pasi."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Asubuhi tulipima utamu wa maji ya miwa, kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Alasiri alinifundisha yake. Bakteria wakishiba, huweka akiba ya poliesta ya minyororo mirefu, vipunje vinavyoonekana kwa darubini ukivitia rangi. Daktari aliitafuta ya minyororo mifupi, isiyoonekana, ambayo hata bakteria wasio na akiba wanayo. Hiyo si chakula. Hukaa kwenye utando, yaani ngozi ya seli, ikashikamana na kalsiamu na fosfeti, na kuifungulia kalsiamu njia ya kupita.

"Na sisi watu tuko nayo," aliniambia, "kidogo tu, hata kwa damu."

Kuipima, tulikausha sampuli, tukaichemsha ndani ya asidi kali ya salfa, kisha mashine ikasoma mwanga uliomezwa na kile ambacho poliesta imegeuka.

Mwaka wangu wa kwanza haujaisha, Meneja Mkuu akatangaza kwamba anakuja kuamua kama meza ya utafiti ya Daktari itaendelea au itafungwa. Wiki hiyo vipimo vyangu vikapanda ajabu. Daktari akaanza kuandika ripoti, nami nikatembea kama profesa. Halafu, nikimwaga mabaki, nikaona asidi imegeuka kahawia hafifu. Nilikuwa nimeanika chupa kwenye dirisha linaloelekea chumba cha kujazia magunia ya sukari, ambako hewa yenyewe ilikuwa tamu. Asidi ile huunguza sukari, nayo sukari iliyoungua humeza mwanga vilevile. Tulikuwa tukipima vumbi la kiwanda chetu.

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi, Daktari."

"Basi osha chupa upya."

Tulirudia, chupa zikiwa zimefunikwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno, lakini hakikukosekana hata mara moja. Meneja Mkuu alipofika aliitazama karatasi, akakuna kidevu.

"Hii kidogo hivi itatuongezea sukari?"

"Hapana, Bwana Meneja. Inatuonyesha vile seli inaishi."

Ijumaa meza ikafungwa, na Daktari akaachishwa kazi pamoja nayo. Asubuhi ileile alisaini barua yangu ya kuthibitishwa kazini, akapanga vitabu vyake kwenye boksi la sabuni.

Nilifanya kazi chini ya wakuu wengine wanne, nikastaafu nikiwa msimamizi wa maabara. Vijana wakisikia habari hii husema nilifanya vyema. Najua nilifanya vyema. Bado inaniuma, kwa kuwa ukweli ule ulinipa mimi jina zuri, yeye ukamnyima meza.

Siku ile nilimbebea boksi mpaka getini.

"Kijana," akaniuliza, "poliesta yetu iko ama haiko?"

"Iko, Daktari."

Akapanda gari akitabasamu. Aliyelia ni mimi.