Mposaji Nyuma ya Shuka

Niliondoka Buhehe kwa sababu baba alikuwa amenichoka. Msimu mzima nilitunga nyimbo katikati ya mistari ya pamba, magugu yakanizidi. Akasema, "Nenda Tororo ukaonyeshe huo mchezo wako. Watu wakicheka, nitakuacha. Wasipocheka, unaingia kiwanda cha pamba, na nisisikie wimbo tena." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mchezo mmoja tu, wa kijana anayekwenda kuposa hana hata mbuzi.

Alfajiri tulitoka watatu kwa baiskeli mbili: mimi, Ouma mpiga ngoma, na rafiki yangu Wandera, mwenye sauti ambayo mimi Mungu alininyima. Yeye ndiye aliyekuwa mposaji.

Busia, mpakani, tulifika jua limeanza kuwaka. Askari akaitilia shaka ngoma yetu. "Nyinyi nakwenda wapi na hii? Nani amekufa?"

"Hakuna msiba, afande. Tunakwenda kuposa," Ouma akajibu, na Wandera akamwimbia ubeti mmoja. Askari akacheka, akatupisha. Nikajisemea moyoni, huyo wa kwanza.

Saa nane tulikuwa chini ya lile jiwe kubwa la Tororo, miguu haina nguvu. Mwenyeji wetu, Mwalimu Okoth, alitupa viazi na karanga, kisha akatuonyesha darasa alilotupangia. Nilifurahi hata nikashindwa kula.

Saa kumi darasa lilijaa mpaka madirishani. Wandera akachungulia, akarudi mbio. "Sitoki. Yule mama wa kitambaa chekundu, benchi la mbele, ni mama mkwe wangu."

Jamani! Arusi yake nilikuwapo, nikala na kushiba. Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kumkatikia kiuno akiomba mke. Na mama mwenyewe alikuwa ametembea tangu asubuhi kuja kututazama. Nani angemwambia atoke? Nilikumbuka beti zote, nikasahau rafiki yangu ameoa wapi. Nikakiona kiwanda cha pamba mbele yangu.

Mwalimu Okoth ndiye aliyetuokoa. Alileta shuka la kitandani kwake, tukalitundika pembeni. Wandera akaimba nyuma yake, mimi nikacheza mbele, nikifungua mdomo bila sauti. Ubeti wa pili vumbi likanikaba. Nikakohoa, na wimbo ukaendelea bila mimi.

Watu wakageuka kulitazama shuka. Yule mama akasimama, akageuza uso ukutani kama mila inavyotaka. "Sauti hiyo naijua," akasema. "Ndiyo iliyomchukua binti yangu. Imba, mwanangu, shuka linatosha."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka machozi. Wimbo tuliurudia mara tatu.

Asubuhi tulianza kurudi na jogoo aliyetumwa na mama mkwe, amefungwa kwenye baiskeli ya Wandera, akiwika njia nzima. Busia yule askari akauliza kama tumepewa mke. Ouma akamwambia tumepewa jogoo kwanza.

Jioni nilimkuta baba shambani, nikamweleza yote, hata kikohozi. Alicheka akaegemea jembe. Kisha akajifuta macho. "Basi, tunga. Lakini kabla hujagawa sehemu za mchezo, uliza kwanza nani ameoa wapi."

Michezo mingi imepita tangu siku hiyo, na hilo ndilo swali langu la kwanza hadi leo.