Binti wa Mvumi Aliyetaka Kusomea Ugavi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alinionyesha meza yangu kisha akaniambia, "Mwanafunzi akija kuomba ushauri wa shahada, usianze na ajira. Muulize kwanza ni jambo gani linamkera." Nilidhani ananitania. Nimefundisha chuoni hapa Dodoma hadi kustaafu, na sikupata ushauri bora kuliko huo.

Tulikuwa na shahada tatu ambazo wazazi walizichanganya. Ugavi ni kuhakikisha mzigo unafika salama na kwa wakati. Usimamizi wa uendeshaji ni kupanga kazi za ndani, iwe kiwandani au hospitalini, foleni isikwame. Uchanganuzi wa biashara ni kusoma takwimu ili bosi asiamue kwa kubahatisha.

Nilipokuwa mratibu wa shahada hizo, alikuja Neema, binti wa mkulima wa zabibu kutoka Mvumi. Alipangiwa ualimu, naye akataka kuhamia ugavi. Nikamuuliza linalomkera.

"Zabibu kuozea shambani, madam," akajibu papo hapo. "Zimeiva, mnunuzi yupo, lori halipo."

Wiki iliyofuata akaja baba yake, Mzee Ndahani, kofia mkononi.

"Mwalimu, huyu ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo. Ualimu naujua. Leo ananiambia anakwenda kusomea kupakia malori!"

"Hapakii, baba. Anapanga lori lifike kabla zabibu hazijaoza."

Akavaa kofia yake. "Haya. Akikosa kazi, nitakuja kwako, siyo kwake."

Maneno hayo yalininyima raha. Mwaka wa pili Neema alifeli takwimu, akaja analia, anataka kurudi nyumbani. Alasiri nyingi tulikaa ofisini kwangu, namfundisha upya kwa mifano ya mavuno ya kwao, mpaka akafaulu mtihani wa marudio. Leo hii anapanga safari za dawa kwenda zahanati za vijijini.

Siku ya mahafali yake, Mzee Ndahani alinivuta pembeni. Nikajiandaa kulaumiwa.

"Mwalimu, kuna mdogo wake. Yule anahesabu kila kitu, hata kuku wa jirani. Mna shahada gani ya kumfaa?"

"Uchanganuzi, baba. Mlete."

Akacheka hadi akashika mbavu.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Nikiikumbuka kazi ile, nawakumbuka zaidi wazazi, waliotukabidhi watoto wao wakasomee mambo ambayo hata majina yake yaliwapiga chenga. Walituamini kwanza, wakaelewa baadaye.