Santuri ya Mbwa na Shati Lake la Ndani

Sikuombi uniamini mara moja. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Likasi, na mtu akiniletea kisa kama hiki mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumcheka. Lakini kilinipata mimi, sebuleni kwangu, saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu ya mabati. Haikuwa hata usiku.

Nianze na santuri, kwa sababu bila hizo hutaelewa kitu. Mimi hukusanya santuri za roki nzito. Kama hujawahi kuisikia, usijali, ni jambo rahisi: chukua gitaa la umeme, lizidishie nguvu mpaka sauti ianze kukwaruza kama mashine inayosaga mawe, kisha weka chini yake besi na ngoma zinazotembea polepole. Zamani vijana wa upande wa pili wa mpaka, Zambia, waliipiga sana, na wafanyakazi wetu walirudi na santuri zao ndani ya masanduku ya nguo. Ndiyo maana hata leo unaweza kupata santuri nzuri Likasi, chini ya kitanda cha mzee fulani.

Tuko wanne wenye ugonjwa huu. Jumapili ya mwisho ya mwaka tunakutana, na kila mmoja anasoma orodha yake: santuri tano alizozipenda kuliko zote kati ya zile zilizoingia kwake mwaka huo. Ni mchezo tu, lakini tumewahi kununiana wiki nzima kwa ajili yake. Mwaka ninaousimulia, ya tano kwangu ilikuwa mpya kabisa, binamu yangu aliniletea kutoka Ubelgiji: vijana watatu wanaopiga polepole hata ukadhani mashine imeharibika. Ya pili ilikuwa na mwanamke anayeimba kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ya kwanza sikuhitaji kuifikiria. Ilikuwa santuri ya mbwa. Tuliiita hivyo kwa sababu ya picha ya jalada: mbwa mweusi amesimama katikati ya reli, anakutazama.

Santuri ya mbwa ilikuwa ya Papa Anaclet. Alifanya kazi kwenye tanuru la shaba mpaka akastaafu, na yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Alikufa mwezi wa saba. Nilibeba jeneza lake mwenyewe, bega likaniuma siku mbili. Shika jambo hilo, nitalihitaji baadaye kidogo.

Tangu zamani alikuwa amemwambia mke wake, Mama Georgette, kwamba siku akifa santuri zote apewe mwalimu. Mdogo wa marehemu, Floribert, hakubisha. "Abebe makelele yake," alisema. "Shiye tunataka vitu vya maana." Na kweli walichukua vitu vya maana: televisheni, friji, baiskeli, hata pasi. Walipomaliza vitu, wakaitaka nyumba. Floribert alisema nyumba ni ya ukoo, Mama Georgette arudi kwao Kasai. Kasai gani? Mama wa watu amezaliwa hapahapa Likasi. Babu yake ndiye aliyetoka huko, kuja kufanya kazi mgodini.

Karatasi ya nyumba ilikuwepo, yenye majina ya mume na mke. Mama Georgette aliwahi kuiona kwa macho yake. Lakini Papa Anaclet hakuwaamini ndugu zake, kwa hiyo alikuwa akiihamisha kila mara, leo hapa, kesho pale. Kisha ugonjwa ukamfunga ulimi ghafla, akafa bila kusema iko wapi. Chifu wa mtaa aliweka siku: Jumamosi. Karatasi isipoonekana, mjane anatoka.

Nilimsaidia kutafuta. Tulipindua magodoro, tukachungulia juu ya dari, tukafungua mpaka redio. Haikunijia hata siku moja kutafuta kwangu. Kwa nini? Hapa ndipo lilipo kosa langu, nalo ni kosa la mkusanyaji. Kila santuri ina jalada la nje, ambalo Papa Anaclet aliliita koti, na ndani yake kuna bahasha ya karatasi inayogusa santuri yenyewe, ambayo aliiita shati. Karatasi ikizeeka hukwaruza. Kwa hiyo sisi, santuri ikiingia nyumbani, jambo la kwanza ni kuivua shati la zamani na kuivika jipya la plastiki. Santuri za Papa Anaclet, sitini na kitu, nilizivua zote jioni moja huku nikipiga gumzo, bila hata kutazama. Mashati ya zamani nikayatupa ndani ya boksi. Mke wangu, Chantal, akalipeleka jikoni. Karatasi ya kuwashia moto haitupwi.

Ilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya chifu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chantal alikuwa uani anatayarisha mbabula, lile jiko la makaa, na mimi nilikuwa sebuleni na daftari la orodha yangu. Mtu akapiga hodi. Nikasema karibu. Papa Anaclet akaingia.

Najua unachotaka kuniuliza. Sikukimbia? Sikupiga kelele? Nisikilize vizuri: nilisahau. Nilisahau kabisa kwamba amekufa, kama unavyosahau mahali ulipoweka funguo. Niliona mzee wangu ameingia, amevaa kofia yake, basi.

"Ikala, papa," nikamwambia. Akaketi.

"Courant iko?" akauliza, akitazama taa.

"Hapana. Banakata tangu asubui."

"Beko banatucheka tu." Akachukua daftari, akasoma kwa kulisogeza mbali na macho. "Ya mbwa njo ya kwanza?"

"Ya kwanza, papa."

"Njo unaanza kuwa na akili. Weka ye."

"Bila courant?"

"Weka tu, mwalimu. Weye unapenda kubisha sana."

Nikaiweka. Nikueleze kidogo: ukiizungusha santuri kwa kidole, sindano yenyewe hutoa sauti, nyembamba kama ya mbu, bila umeme wowote. Si uchawi, nimewaonyesha wanafunzi darasani mara nyingi. Papa Anaclet akazungusha kwa kidole, nami nikainamisha sikio. Kisha akaondoa kidole, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

Santuri ikaendelea.

Gitaa likaja zito, likitoka kama chini ya sementi, likapanda miguuni mpaka kifuani. Kikombe cha chai kikawa kinatembea juu ya meza. Na mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa na furaha. Niamini, sikuwa na kitu kingine chochote moyoni. Sijawahi kuisikia santuri ile ikipigwa vizuri namna hiyo.

Yeye ndiye ambaye hakufurahi. Alichukua jalada la mbwa, akachungulia ndani, akakunja uso.

"Mwalimu, shati yake iko wapi?"

"Niliivula, papa. Nilivika ye ingine, mupya, ya plastike."

"Na ile ya zamani?"

"Iko ku cuisine. Chantal anawashaka nayo mbabula."

"Eh! Mutu anakufa, weye unavula mpaka shati ya diski yake?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Wende uone kama inabakia."

"Sasa hivi? Tungoje wimbo uishe."

"Sasa, mwalimu. Diski haikimbie."

Nikainuka kwa shingo upande, nikapita ukumbini mpaka uani. Chantal alikuwa amepiga magoti mbele ya mbabula, njiti ya kiberiti inawaka mkononi.

"Ngoja, usiwashe!"

"Nini tena? Na hayo makelele, courant ilirudia?"

"Papa Anaclet anataka shati ya..."

Nikaishia hapo. Nililisikia jina likitoka mdomoni mwangu mwenyewe, na bega langu likakumbuka kabla ya kichwa. Chantal alikuwa amenikodolea macho, njiti ikamchoma kidole, akaiangusha.

"Papa nani?" akasema polepole. "Weye, ule tulimuzika."

Ndani, muziki ukakatika.

Sikurudi sebuleni. Badala yake nilipiga magoti karibu na mke wangu, nikaanza kutoa makaa kwa mikono. Ndani ya boksi yalikuwa yamebaki mashati kumi na moja tu, mengine yote yalikuwa yameshapika ugali. Chini ya makaa kulikuwa na moja limesokotwa, tayari kuwashwa. Nikalikunjua. Lilikuwa nene kuliko mengine. Zilikuwa karatasi mbili zimebandikwa pamoja kwa uji wa unga, kazi safi ya mkono wa fundi, na katikati yake karatasi ya nyumba, yenye mhuri na majina mawili.

Tuliporudi sebuleni, mimi na Chantal tumeshikana mikono kama watoto, kiti kilikuwa kitupu na santuri imetulia. Umeme ulirudi kesho yake saa tatu. Na asubuhi hiyo jirani yangu aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mwalimu, groupe yako ulinunua wapi? Jana ulitupigia muziki, hata jenereta yenyewe hatukuisikia!" Nilimjibu nini? Nilisema nimeazima.

Jumamosi chifu alisoma karatasi kwa sauti, mara mbili. Floribert alisema ni ya bandia. Wakalinganisha namba na ile iliyo kwenye kitabu cha mtaa, zikawa sawa, Floribert akavaa kofia akaondoka. Mama Georgette alibaki ameketi, mkono kwenye ukuta wa nyumba yake.

Jioni ile nilimsimulia yote. Nilidhani atalia au atanifukuza. Akaniuliza swali moja tu.

"Alisema nini juu yangu?"

Ningeweza kudanganya, na labda mtu mwema kuliko mimi angedanganya. Nikamwambia, "Hakukutaja, mama. Aliongea diski tu, mwanzo mpaka mwisho."

Mama Georgette akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, katika nguo zake nyeusi. "Basi ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Maisha yetu yote hakunisemea neno. Alikuwa anafanya tu."

Jumapili ya orodha nilisoma santuri nne. Wenzangu walinidhihaki, mmoja akasema mwalimu ameshindwa kuhesabu. Sikuwaeleza. Santuri ya mbwa siipigi tena, kwa sababu kila nikijaribu, hata umeme ukiwa mzuri, naisikia nyembamba. Na jambo jingine halijaniacha: nikikutana na mtu ambaye sijamwona kwa muda mrefu, kwenye taxi-bus au sokoni, kabla ya kumpa mkono nasimama kidogo, najiuliza kama nilikuwepo kwenye mazishi yake. Watu wanadhani nimekuwa na majivuno.

Kwa hiyo nakuonya, ndugu msomaji, bila kukutisha. Ukipewa vitu vya marehemu, vifungue kimoja kimoja, mbele ya mjane, kabla hujavisafisha. Na usidhani kwamba siku atakapokuja mtu kama huyo, hofu itakuamsha. Haitakuamsha. Utampa kiti. Basi mpe, sikiliza vizuri anachouliza, na akikutuma mahali, nenda kwanza. Kukumbuka kwamba amekufa kutakuja kwenyewe.