Kuku wa Wimbo

Miaka ile matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipokuwa yanang'oa misitu ya Nachingwea, mimi nilikuwa mke kijana huku Ruangwa, na nilikuwa natunga nyimbo. Desturi ya kwetu ilikuwa wazi: ukichukua wimbo wa mwenzako ukauchezea ngoma kijijini kwako, unamletea kuku. Baada ya mavuno, mtunzi aliyeletewa kuku wengi kuliko wote alivikwa shuka jipya mbele ya watu.

Wimbo wangu mmoja ulitembea kuliko mimi. Ulisema trekta limekula msitu halikushiba, sasa linakula waume. Na kweli, wangu alikuwa kambini Nachingwea, harudi ila sikukuu. Wanawake wa Malolo waliuchukua, wa Narung'ombe wakauchukua, hata huko kambini waliuimba. Kuku wakaja. Ila kwetu mkuu wa ukoo ni mjomba, kaka wa mama, na kitu cha heshima hakipiti mlango mwingine. Kuku wote wakafungwa kwake. Mimi niliishia kuwasikia wakitetea.

Siku ya shuka ilipofika, jumbe aliyesimamia ngoma hakuuliza nani katunga. Aliuliza kuku wamelala nyumba ya nani. Akaitwa mjomba! Mtu ambaye hata kupiga makofi anakosea. Akainuka, akajikohoza, akainamisha shingo avikwe.

Nikasimama. Nilimpenda mjomba, ndiye aliyenilea, lakini wimbo ule niliutunga kwa uchungu wangu, si wa ukoo. Wenzangu wakanivuta nguo nikae. Sikukaa.

"Shikamoo mjomba," nilisema, kwa sauti ya kufika hadi kwa wapiga ngoma. "Kuku ni wako, sikatai. Shuka ni la mwenye wimbo."

"Mpwa wangu, kwani mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Ni kimoja, mjomba. Basi anzisha wimbo, mimi nitaitikia."

Akatazama ngoma, akatazama miguu yake. Mwishowe akacheka yeye kwanza. "Haya, mvisheni mwenyewe. Lakini kuku nimeshakula, hao siwatapiki."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Waliponivika nililia, tena sikujificha. Nikafuta machozi na lile shuka, nikawatangazia wote: kuanzia leo, anayetaka wimbo wangu aje mlangoni kwangu. Bibi mmoja aliguna kwamba navunja ukoo. Nikamwacha agune.

Wa kwanza kuja alitoka Narung'ombe, na jogoo mwekundu kwapani. Jirani alinichinjia, mimi nikapika. Paja zima nilimpelekea mjomba kwa adabu zote, nikapiga goti. Firigisi, ambayo ni fungu la mkuu wa nyumba, niliila mwenyewe.