Kikundi cha Anga

Kavetsa alipiga taipu maneno hamsini kwa dakika, na moja kati ya hayo ndilo lililomfungisha ndugu yake.

Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumlaumu kwa neno. Alitoka Maragoli mwaka wa sabini na tisa, cheti cha taipu amekilaza ndani ya Biblia kisikunjike, akazunguka Eldoret akipiga hodi kwenye ofisi zenye taipureta bila karatasi, na zingine zenye karatasi lakini bosi tayari ana mpwa. Mwishowe akaandikwa kwenye mabanda ya viwanda vidogo kando ya reli: mabanda kumi na mawili ya mabati, choo kimoja, simu moja yenye kufuli, na Kavetsa. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia wenye mabanda barua.

Phineas, mdogo wake, alikuwa banda namba nne. Fundi wa bati, mtu wa makarai na mifereji ya mvua. Walikaa pamoja Yamumbi, na hata mezani Phineas aliongea kwa kupaaza sauti, kama mtu ambaye nyundo bado inalia masikioni.

Aliyewabadilishia maisha ni Daktari Gichuru. Si wa sindano. Wa chuo kipya, daktari wa mawingu. Alikuja siku moja na viatu safi, akauliza nani anaweza kugonga dishi.

"La kuogea?" Phineas akamuuliza.

"La kudaka picha. Kuna setilaiti imetulia huko juu upande wa magharibi. Kila nusu saa inapiga picha ya mawingu na kuitupa hewani bure. Lakini dishi likipinda unene wa kidole, picha haiji."

"Basi leta hicho kidole tukipime, Daktari."

Ilichukua miezi minane na madishi matatu yaliyoharibika. Mtambo wa kupokea ulitengenezwa na Kiarie wa banda namba tano, fundi wa redio ambaye hakuna kitu alichoshindwa kufungua na vingi alishindwa kufunga. Siku picha ya kwanza ilipotoka, ilijichora kwenye karatasi mstari kwa mstari, pole pole, hadi wakaona Ziwa Victoria na wingu jeupe limelikalia kama kuku juu ya mayai. Kavetsa aliitwa aone. Aliishika ile karatasi kwa vidole viwili, pembeni, asiichafue.

Tangu hapo mambo yakaenda. Chuo kilikuwa na hesabu bila nyundo. Mabanda yalikuwa na nyundo bila hesabu. Wanafunzi wa Gichuru walikuja kupima, Kiarie akaazimwa vyombo vya maabara ambavyo asingeviona hata ndotoni, na Phineas akajifunza kuchora mkunjo wa bati kabla ya kuligonga. Wakulima wa ngano wa Ainabkoi wakawa wanatuma watu kuuliza kama wakate leo au wangoje. Kituo kimoja cha mbegu kikaagiza dishi lake, kisha shamba moja kubwa nalo likaagiza. Phineas akaandika wafanyakazi wawili. Watu wazima, wenye familia.

Ndipo wafadhili wakaleta barua. Walitaka kuyasaidia mabanda na chuo kwa pamoja, wakaliita jambo lote klasta ya anga. Meneja wa mabanda akamwambia Kavetsa atengeneze nakala ya Kiswahili kwa wakubwa wa wilaya, ifike kabla ya Ijumaa.

"Klasta ni nini kwa Kiswahili?" aliwauliza mafundi.

"Ni kama ndizi zikishikana," Kiarie alisema. "Andika mkungu wa anga."

"Wewe Kiarie, hii ni barua ya serikali."

"Serikali haili ndizi?"

Walicheka. Kavetsa akarudi mezani akaandika Kikundi cha Anga. Lilionekana neno la heshima. Chini yake akaandika majina: Phineas, fundi. Kiarie, fundi. Gichuru, mshauri.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Mpaka wa Uganda ulikuwa umechafuka, na ukitaka kumnyamazisha mtu baa ungetamka tu neno kikundi. Watu walikuwa wamepotea kwa sababu ya vikundi vya kupinga serikali ambavyo wenyewe hawakujua ni vyao. Kavetsa alijua yote hayo. Ila aliyajua kama mambo ya Nairobi, ya watu wenye miwani.

Jumanne, saa nne asubuhi, Land Rover iliingia uani. Wakatoka watu watatu wa usalama. Mkubwa wao, bwana mnene mwenye suti ya kahawia, alilizunguka dishi mara mbili, akasimama nyuma yake na kufuata kwa jicho linakoelekea.

"Hii sufuria inaangalia wapi?"

"Magharibi, mkubwa," Phineas akajibu.

"Magharibi kuna nini?"

Phineas, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha swali lipite bila jibu, akasema, "Kuna kwetu. Halafu Uganda."

Walimpakia na nyundo bado mkononi. Kiarie aliruka ua wa nyuma, na baadaye ikasikika amejificha kwa shangazi yake Ainabkoi. Dishi likafunikwa turubai, likafungwa kamba kama ng'ombe.

Kavetsa alienda kwa miguu hadi Elgon View, kwa Gichuru. Mtu mwenye digrii tatu, aliwaza, akisema neno moja litasikika. Alibonyeza kengele. Aliyekuja ni Virginia, mke wa Gichuru, na hakulifungua geti.

"Daktari hayuko."

Gari la Daktari lilikuwa pale, boneti bado inatoa joto.

"Mama, mwambie ni Kavetsa wa mabanda. Wamemchukua Phineas. Aende tu awaeleze ni mawingu."

"Dada yangu, nakuomba." Virginia aliteremsha sauti. "Jina lake liko kwenye hiyo barua ya kikundi. Akienda kueleza, nani atakuja kumweleza yeye?"

Pazia la dirisha la juu lilitikisika kidogo, likatulia. Kavetsa alitamani kutukana, ila tusi lililomjia lilikuwa la Kimaragoli na hapo lingepotea bure.

Siku ya pili na ya tatu alikaa kwenye benchi la ofisi ya usalama tangu ilipofunguliwa hadi ilipofungwa. Hakuna aliyemwambia Phineas yuko wapi. Karani wa faili, Tryphosa, ambaye waliimba naye kwaya moja, alikuwa akipita mbele yake akitazama sakafu. Siku ya tatu Kavetsa alimshika mkono wa sweta.

"Tryphosa, nitolee ile barua dakika mbili. Nifute neno moja. Nimekuja na rababa."

"Unataka tulale ndani wawili?"

"Ni kosa la taipu."

"Kosa la taipu ni herufi, Kavetsa. Hili ni neno, tena liko mahali pake."

Alhamisi hiyo hiyo bwana wa suti ya kahawia alimwita ndani. Barua ilikuwa mezani, neno lake limezungushiwa kalamu nyekundu mara nyingi hadi karatasi imeanza kutoboka.

"Wewe ndiye uliandika?"

"Ni mimi, mkubwa. Kosa ni langu. Ndugu yangu hajui hata kilichoandikwa. Kwa Kizungu lilikuwa klasta, mimi ndiye nikachagua. Ni kama mkungu wa ndizi."

"Mkungu wa ndizi."

"Ndiyo."

"Na kiongozi wa hizi ndizi ni nani?"

Kavetsa alieleza. Setilaiti, mawingu, ngano, jinsi fundi anavyompa mwalimu chombo na mwalimu anavyompa fundi kazi, jinsi watatu wakishirikiana wanavyofika mahali ambapo mmoja hafiki. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo jambo lilivyozidi kusikika vibaya, na yeye mwenyewe akalisikia. Wanakutana. Wanashirikiana. Wanatumiwa vitu na wageni. Wanapokea kutoka hewani. Akaanza kulia, na alijichukia kwa kulia mbele ya suti ile.

Bwana yule alingoja amalize. Kisha akamsogezea karatasi tupu.

"Mimi sina haja na ndugu yako. Nina haja na kikundi. Kama kuna kikundi, ninaye mwanachama. Kama hakuna kikundi, nina fundi wa makarai, na fundi wa makarai anakula chakula cha serikali bure. Taipureta iko pale. Andika."

Aliandika. Hakuna kikundi wala hakijawahi kuwepo. Phineas anafanya kazi peke yake. Hana uhusiano na chuo. Bwana yule alisoma akiwa amesimama nyuma yake, akaweka kidole.

"Ongeza kwamba hawajui hao wawili, Kiarie na Gichuru."

"Lakini mkubwa, banda lake limepakana na la Kiarie."

"Ongeza."

Aliongeza. Spidi ilikuwa ile ile.

Phineas aliachiliwa Ijumaa jioni. Alikuwa anatembea kwa visigino, nyayo zimevimba, na alikuwa anaongea chini chini, hata Kavetsa akawa anamwambia rudia. Alimsomea nakala ya ile barua ya kukana kabla ya chakula, neno kwa neno. Phineas alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema ni sawa, dada, umefanya vizuri. Wale wafanyakazi wawili alikuwa ameshaambiwa awaachishe kazi.

Wiki iliyofuata Gichuru alikuja na gari lake hadi mlangoni pa banda namba nne. Huenda alikuja kuomba radhi. Huenda alikuja kuchukua daftari lake la vipimo, lililokuwa bado limening'inia msumarini. Ng'ambo ya barabara mtu mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, anasoma gazeti la juzi.

"Phineas," Gichuru aliita.

Phineas aliweka nyundo chini. Alimtazama yule mtu wa kreti, halafu akamtazama Kavetsa dirishani kwake, kisha Gichuru.

"Unatafuta nani, bwana?"

Gichuru aligeuka akaliona gazeti, lililokuwa halifunguliwi ukurasa.

"Samahani," akasema. "Nimekosea banda."

Gari liliporudi nyuma lilikanyaga kamba ya turubai, na ukingo mmoja wa dishi ukajitokeza, bado unaangalia magharibi. Hakuna aliyeenda kuufunika. Phineas alivuka ua hadi dirishani pa Kavetsa, akijifanya anaulizia barua.

"Nitaendelea kutomjua mpaka lini?"

Kavetsa alitoa ile nakala kwenye droo, akaipitia tena kutoka juu hadi kwenye sahihi yake, kana kwamba kulikuwa na mstari alioupiga bila kuusoma.

"Sikuandika tarehe ya mwisho," akasema.